Kubaki Ndani au Kujitoa: Afrika Mashariki na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia tangu 1968

Utangulizi

Mnamo Juni 2025 swali ambalo wanadiplomasia wengi walilihesabu kuwa limefungwa lilifunguliwa upya kwa mabomu. Tarehe 12 ya mwezi huo, Bodi ya Magavana ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki iliamua kwamba Iran imekiuka wajibu wake wa ukaguzi. Siku iliyofuata Israeli ilianza kuishambulia Iran, na tarehe 22 Marekani ikapiga mabomu vituo vya Fordow, Natanz na Isfahan. Iran ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia tangu ulipoanza kutumika mwaka 1970. Israeli haijawahi kujiunga nao. Tarehe 25 bunge la Iran lilipitisha muswada wa kusitisha ushirikiano na wakaguzi, na sauti za kutaka nchi hiyo iuache Mkataba kabisa zikaongezeka.

Tukio hilo linaweza kuonekana kuwa mbali na Kigali. Hata hivyo, Rwanda imo katika safari ya kutafuta umeme wa nyuklia: ilitiliana saini na Rosatom ya Urusi mjini Sochi mnamo Oktoba 2019, ikaunda Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda mwaka 2020, na Septemba 2023 ikakubaliana na kampuni ya Dual Fluid kuhusu kinu cha majaribio. Nchi inayotaka kujenga kinu haina budi kujua imefungwa na nini, kwa faida ya nani, na kama kifungo hicho kinastahili kuendelea. Swali la kubaki au kujitoa limeshaulizwa katika eneo letu, tena kwa ukali kuliko linavyoulizwa sasa. Makala haya yanarejea historia hiyo na kudai jambo moja: manufaa halisi ya Mkataba kwa nchi za Afrika Mashariki hayakupatikana katika uhusiano wetu na madola makuu, bali katika uhusiano wetu na majirani zetu. Anayeupima Mkataba kwa tabia ya wakubwa ataona sababu nyingi za kuuacha. Anayeupima kwa tabia ya majirani ataona sababu za kubaki, pamoja na kazi ambayo haijakamilika.

Kura ya Juni 1968

Afrika ya Kati na Mashariki haikuingia katika historia ya nyuklia kupitia mikataba. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na kampuni ya Union Minière, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji na Ruanda-Urundi ikiwa chini ya mamlaka hiyohiyo. Hakuna Mkongo aliyeulizwa. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Aljeria, na mvuke wa hasira ukaenea barani kote. Kwame Nkrumah alizuia mali za Ufaransa nchini Ghana, na Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris mapema mwaka 1961. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yaihesabu Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na mnamo Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo walitoa azimio lao la kutaka hivyohivyo.

Kwa hiyo, Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (humu tutauita Mkataba wa 1968) ulipoletwa mbele ya Baraza Kuu, Afrika ilikuwa tayari na msimamo wake. Ilichokataa ni mlipuko na umiliki wa silaha hizo, na ilikataa bila kubagua. Mkataba ulibagua waziwazi. Mataifa yaliyokuwa yamelipua silaha kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, yalitambuliwa kuwa na hadhi ya pekee. Mengine yote yaliahidi kutozitengeneza wala kuzipokea. Kama fidia, yaliahidiwa msaada wa nyuklia ya amani, na ahadi ya Ibara ya 6 kwamba mazungumzo ya kupunguza silaha yangefanyika kwa nia njema. Ibara hiyo haikutaja mwaka wowote wa kukamilisha kazi.

Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu liliuidhinisha Mkataba kwa kura 95 dhidi ya 4, huku nchi 21 zikijizuia. Wanne waliopinga ni Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Rwanda, Burundi na Uganda zilijizuia. Kenya iliunga mkono. Tukumbuke kwamba Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umetiwa saini Kampala mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Juni 1967. Nchi tatu zilizoutia saini zilipiga kura tatu tofauti. Wanahistoria wa Jumuiya ya kwanza huzungumza sana kuhusu sarafu, reli na posta wanapoeleza kuvunjika kwake mwaka 1977. Kura hii hutajwa mara chache mno, nami nadhani inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwamba hata kuhusu hatari inayowahusu wanadamu wote, majirani hawa hawakuwa na mahali pa kushauriana kabla ya kufika New York.

Miaka 23 nje ya Mkataba

Msimamo wa Tanzania umeelezwa mara nyingi kuwa mwangwi wa China, ambayo wakati huo haikuwa na kiti chake katika Umoja wa Mataifa na iliushutumu Mkataba kuwa hila ya madola mawili makubwa. Ni kweli kwamba urafiki wa Dar es Salaam na Beijing ulikuwa unakua. Makubaliano ya kwanza kuhusu reli ya kwenda Zambia yalifikiwa Septemba 1967. Lakini kuieleza kura hiyo kwa urafiki huo peke yake ni kumnyima mpiga kura akili yake. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa ikijenga siasa ya nje inayokataa kwamba usawa wa mataifa ni jambo la maneno. Zambia nayo ilipakana na Rhodesia ya Ian Smith, iliyojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965. Kwa nchi hizi mbili tishio lililokuwa karibu lilikuwa utawala wa Wazungu wachache kusini mwa Afrika, na Mkataba haukuwa na la kusema kuhusu tishio hilo. Uliwataka wanyonge waahidi, nao hawakuwa na uwezo wa kutengeneza hata risasi. Uliwaacha wenye mabomu waendelee kuyatengeneza.

Historia ya miaka ya sabini iliwapa haki kwa upande mmoja. Agosti 1977 setilaiti ya Kisovieti iligundua maandalizi ya majaribio ya nyuklia katika jangwa la Kalahari, na chini ya shinikizo la mataifa Afrika Kusini ikayaacha. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani ya Vela ilirekodi mmweko maradufu upande wa kusini wa bahari, ambao hadi leo unazua mabishano. Afrika Kusini haikuwa mwanachama wa Mkataba. Kwa hiyo Mkataba haukuizuia.

Kwa upande wa pili, ni lazima tuulize Tanzania ilipata nini kwa kukaa nje. Kama lengo lilikuwa kuyalazimisha madola makuu yapunguze silaha, halikufikiwa. Maghala ya Marekani na Umoja wa Kisovieti yaliendelea kujaa hadi katikati ya miaka ya themanini, na yalipoanza kupungua, sababu zilitoka Washington na Moscow. Kutokuwepo kwa Dar es Salaam hakukuhesabiwa popote.

Palipotokea badiliko ni mahali ambapo hakuna aliyepatarajia mwaka 1968. Septemba 1990 serikali ya F. W. de Klerk ilitangaza kwamba iko tayari kujiunga na Mkataba ikiwa nchi nyingine za kusini mwa Afrika nazo zitajifunga vivyo hivyo. Msumbiji ilijiunga mwaka huohuo. Zambia na Tanzania zilijiunga mwaka 1991, na tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ikafuata. Tusitie chumvi: uamuzi wa Pretoria wa kuvunja silaha zake ulikwisha fanywa kwa sababu zake yenyewe, na de Klerk alipoliambia bunge tarehe 24 Machi 1993 kwamba nchi yake iliwahi kutengeneza mabomu sita, kazi ya kuyabomoa ilikuwa imekwisha. Lakini hatua ya kuingia katika ukaguzi wa kimataifa ilifungamanishwa na hatua ya majirani. Tanzania na Zambia, zilizokaa nje kwa miaka 23 zikiwa na hoja nzito dhidi ya madola makuu, ziliutumia uanachama wao mara moja tu kwa mafanikio, nayo ilikuwa siku zilipoutoa kwa jirani.

Hoja ya Mazrui

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipotolewa hoja kali kuliko zote za kujitoa, na mtoaji wake alikuwa mwana wa Mombasa. Ali Mazrui, aliyewahi kuwa profesa wa sayansi ya siasa Makerere, alialikwa na BBC kutoa mihadhara ya Reith ya mwaka 1979. Katika mhadhara wa mwisho alizishauri nchi za Afrika ziuache Mkataba na kuachana na ndoto ya eneo lisilo na nyuklia. Nigeria, Zaire na Afrika Kusini itakayotawaliwa na walio wengi, alisema, zijenge uwezo wa kijeshi wa nyuklia.

Wengi waliomsoma juujuu walimdhania mpenda vita. Mazrui hakuamini kwamba bomu la Lagos au Kinshasa lingeilinda Afrika. Mantiki yake ilikuwa ya chanjo: kiasi kidogo cha ugonjwa kitiwe mwilini ili mwili wote uamke. Madola makuu, kwa maoni yake, yaliishi kwa raha na silaha zao kwa sababu yaliamini kwamba zimo mikononi mwa watu wazima. Yakiona zinafika kwa wale wanaowaona kuwa watoto, hofu itayafanya yakubali kuziharibu zote.

Utambuzi wake wa maradhi haujapitwa na wakati. Mpangilio wa Mkataba una dharau ndani yake, na mataifa matano hayajautekeleza wajibu wa Ibara ya 6 kwa kiwango ambacho wengine waliahidiwa. Mifano ya baadaye ingempa nguvu zaidi. Ukraine ilikabidhi silaha zilizobaki katika ardhi yake na kupokea dhamana za Budapest mnamo Desemba 1994. Mwaka 2014 na 2022 mmoja wa watoa dhamana aliivamia. Libya iliacha mpango wake Desemba 2003, na baada ya miaka minane utawala wake ukaangushwa kwa msaada wa ndege za nchi za Magharibi. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa Januari 2003, na haijavamiwa.

Dawa aliyoipendekeza ndiyo iliyoshindwa katika majaribio ya historia. India na Pakistan zililipua mabomu Mei 1998, na Korea Kaskazini mwaka 2006. Hofu ilikuja kama alivyotabiri, lakini haikuzaa upunguzaji wa silaha kwa wote. Ilizaa vikwazo, mazungumzo ya faragha, na kwa upande wa India, ruhusa maalumu ya kibiashara mwaka 2008. Chanjo ilitiwa, mwili haukuamka. Aidha, katika nchi tatu alizoziteua, Zaire iliporomoka mwaka 1997 katika vita vilivyoyahusisha majeshi ya majirani wengi. Kila msomaji aliyeishi katika Maziwa Makuu miaka ile anaweza kujiuliza silaha ya Kinshasa ingekuwa mikononi mwa nani mwezi Mei wa mwaka huo. Mazrui alifikiri kuhusu Afrika mbele ya ulimwengu, na kwa ustadi mkubwa. Hakufikiri vya kutosha kuhusu Afrika mbele ya Afrika.

Pelindaba

Jibu la bara lilipatikana mwaka 1995. Mwezi Mei, wanachama wa Mkataba wa 1968 walikutana New York na kukubali bila kupiga kura kwamba Mkataba uendelee bila ukomo. Afrika Kusini mpya ilikuwa miongoni mwa waliotafuta njia ya maafikiano hayo. Majuma machache baadaye, wataalamu wa Kiafrika walikamilisha rasimu ya mkataba wa bara, nao wakuu wa nchi wakaupokea Addis Ababa mwezi Juni. Ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuitwa kwa jina la Pelindaba, mahali penye kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini. Jina lenyewe latokana na maneno yenye maana ya kwamba shauri limekwisha. Kwa hakika halikwisha: iliwachukua wanachama miaka 13 kufikisha idadi ya waridhiaji 28 iliyohitajika. Aliyeikamilisha ni Burundi, tarehe 15 Julai 2009. Misri, ambayo ilikuwa mwenyeji wa utiaji saini, haijauridhia hadi leo.

Tofauti zake na Mkataba wa 1968 ni nyingi, lakini mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni kuhusu kujitoa. Mkataba wa 1968 unampa mwanachama ruhusa ya kujitoa kwa taarifa ya miezi mitatu, akieleza matukio yasiyo ya kawaida yaliyohatarisha maslahi yake makuu. Pelindaba unatoa ruhusa ya namna hiyo, ila kwa taarifa ya miezi 12. Miezi mitatu ni muda wa kukabidhi barua na kupokea vitisho. Mwaka mmoja unatosha kwa jirani kuja na kuuliza.

Ya pili ni Ibara ya 11, inayomkataza kila mwanachama kushambulia kwa silaha za aina yoyote, au kusaidia au kuchochea shambulio, dhidi ya vituo vya nyuklia vilivyomo katika eneo la Afrika. Mkataba wa 1968 hauna ibara kama hiyo. Iraq ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa 1968 Israeli ilipopiga kinu chake cha Osirak Juni 1981, na Ukraine ni mwanachama, lakini kituo chake cha Zaporizhzhia kilitekwa na majeshi ya Urusi Machi 2022. Yaliyoipata Iran mwaka 2025 yamo katika mkondo huohuo. Ulinzi ambao wanaotaka kujitoa wanalalamika kwamba hawakuupata, Waafrika waliuandika wao wenyewe, baina yao wenyewe.

Ibara hiyo ina mipaka, na mshauri wa sera asifichwe. Inawafunga walioridhia tu. Haiyafungi makundi yenye silaha, ambayo katika eneo letu si dhana ya vitabuni. Na itifaki zilizofunguliwa kwa madola makuu zinahusu kutotumia silaha za nyuklia na kutofanya majaribio. Hazitaji shambulio la mabomu ya kawaida kutoka nje ya bara.

Rwanda: miaka 35 ya uanachama wa karatasi

Rwanda ilijiunga na Mkataba wa 1968 tarehe 20 Mei 1975, wakati mkutano wa kwanza wa mapitio ukiendelea Geneva. Kwa mujibu wa Ibara ya 3, mapatano yake ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki yalipaswa kuwa yamekamilika ndani ya miezi 18. Yalianza kutumika mwaka 2010, pamoja na itifaki ya nyongeza inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi. Uanachama katika Shirika lenyewe ulikuja mwaka 2012. Kwa miaka 35 Rwanda ilikuwa ndani ya Mkataba bila chombo cha kuutekeleza. Haikuwa peke yake katika hali hiyo, na kwa nchi isiyo na kinu wala mgodi wa urani jambo hilo halikumdhuru mtu. Linafaa kukumbukwa kwa sababu linaonyesha kwamba kubaki, peke yake, si sera.

Pelindaba Rwanda iliutia saini siku ya kwanza, Aprili 1996, nchi ikiwa bado inazika watu wake, na kuuridhia mwaka 2007, mwaka uleule ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tukirejea swali la kujitoa, upande wa gharama uko wazi. Kundi la Wauzaji wa Nyuklia limekuwa na kanuni tangu mwaka 1992 kwamba vinu na fueli haviuzwi kwa nchi ambayo vifaa vyake vyote havipo chini ya ukaguzi. Urusi, Kanada, Ujerumani na Marekani, ambako washirika wa Rwanda wanatoka, zote ni wanachama wa Kundi hilo. Ruhusa iliyotolewa kwa India ilitolewa kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Kigali ikitoka, mpango wa umeme wa nyuklia unakwisha siku hiyohiyo. Hoja hii inatosha kwa mhasibu. Kwa mtunga sera haitoshi, kwa kuwa inamfanya abaki kwa hofu ya muuzaji, na anayebaki kwa hofu ya muuzaji hana la kusema muuzaji anapobadili masharti.

Hoja iliyo imara zaidi ni ile iliyojitokeza mwaka 1991. Kinu kitakachojengwa Rwanda, popote kitakapowekwa, hakitakuwa mbali na mpaka. Nchi ni ndogo. Wananchi wa Bukavu, Ngara, Kirundo na Kabale watakuwa na haki ya kuuliza kinafanya nini. Rwanda nayo itakuwa na haki ya kuuliza kama jirani yeyote, katika uhasama wa aina tuliyoushuhudia mashariki mwa Kongo, atakihesabu kuwa shabaha. Maswali hayo mawili yanajibiwa na ukaguzi kwa upande mmoja na Ibara ya 11 kwa upande wa pili. Hakuna linalohitaji tuzisifu tabia za Washington, Moscow au Beijing. Mtu anaweza kukubaliana na kila neno la Tanzania ya 1968 kuhusu dhuluma ya Mkataba, na bado akaona kwamba kujitoa ni kumwadhibu jirani kwa kosa la mgeni.

Kazi zinazofuata ni za wakati huu. Nchi zisizo na shughuli za nyuklia kwa kawaida hutumia itifaki inayopunguza ukaguzi, na itifaki hiyo katika sura yake ya sasa hukoma nchi inapoamua kujenga kinu. Wizara na Bunge zinapaswa kuwa zimejiandaa kwa ukaguzi kamili kabla ya uamuzi huo kutangazwa. Kamisheni ya Afrika ya Nishati ya Nyuklia, iliyoundwa na Pelindaba na kupewa makao Afrika Kusini, ndiyo yenye mamlaka ya kupokea malalamiko ya mwanachama dhidi ya mwenzake. Rwanda, ambayo karibu itakuwa mlalamikaji au mlalamikiwa anayewezekana, ina sababu ya kuitaka iwe na wakaguzi na fedha. Na katika Jumuiya, ambamo Tanzania inamiliki urani ya Mto Mkuju na wanachama wengine kadhaa wametangaza mipango ya vinu, bado hakuna utaratibu wa kuarifiana kabla ya kujenga. Matini halisi za Pelindaba zimo katika Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Tafsiri ya Kiswahili, itakayomwezesha mkazi wa Rusizi na mkazi wa Uvira kusoma ibara ileile kwa lugha ileile, ni kazi ambayo mkutano kama huu unaweza kuianza bila kusubiri bajeti ya mtu.